Mzigo wa Guangzhou: upande ndege au upande meli?

Wifi yangu anafungua duka la nguo na viatu Mwanza, na wiki iliyopita kanipigia akiwa Guangzhou, kasimama kwenye ghala la ajenti, katoni zake 17 zimepangwa chini, ananiambia wifi nisaidie, huyu kijana hapa anataka nimjibu sasa hivi mzigo unapanda ndege au meli, na mimi ninachojua ni kwamba ndege ghali na meli rahisi, basi. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Nimeona niyaandike tuliyoongea kwa sababu hili swali naulizwa kila siku hapa Kariakoo, na jibu ambalo watu wanapeana ni hilo hilo la ndege haraka meli bei poa, halafu mtu anaenda kuunguza mtaji wake wote kwa jibu la maneno matano.

Mimi naagiza tangu 2016, nguo na mabegi zaidi, Guangzhou kuja Dar, kwa hiyo nitaongelea njia hiyo ninayoijua. Aliyeko Mombasa hesabu ni zile zile. Aliyeko Kampala au Lubumbashi pia, ila yeye kwenye upande wa meli aongeze barabara, maana Dar mpaka Lubumbashi kwa kupitia Tunduma na Kasumbalesa ni karibu kilomita elfu mbili na foleni za mipakani mnazijua wenyewe.

Leta kila kitu kwenye kipande kimoja

Ndege wanachaji kwa kilo, meli wanachaji kwa CBM, yaani ujazo, boksi la mita moja urefu mita moja upana mita moja kimo. Sasa ukiambiwa ndege dola 10 kwa kilo na meli dola 400 kwa CBM, hivyo ni vitu viwili ambavyo huwezi kuvipambanisha hivi hivi. Hizo bei nimeweka za mfano tu wa kufanyia hesabu, wewe weka ulizopewa na ajenti wako kwa sababu zinapanda na kushuka, ila njia ya kupiga hesabu haibadiliki.

Chukua katoni moja. Ya wifi ya magauni ilikuwa sentimita 60 kwa 50 kwa 40, ndani magauni 100, mzani unasoma kilo 25. Kwa ndege hapo ni dola 250, gawa kwa 100 unapata dola mbili na nusu kila gauni. Kwa meli unazidisha 0.6 mara 0.5 mara 0.4 unapata CBM 0.12, mara 400 ni dola 48, kila gauni senti 48. Kwa hiyo tofauti kati ya ndege na meli ni kama dola mbili kwa gauni. Hapo ndipo swali linapoanza kueleweka: hili gauni nililonunua dola 6, linaweza kubeba dola mbili za ziada na bado mteja wa Mwanza akalinunua bila kunung'unika? Gauni la mtoko, jipya, ambalo jirani hana, ndiyo linabeba. Fulana ya kawaida uliyonunua dola moja na nusu haibebi, hata uipambe vipi.

Halafu wifi alikuwa na katoni ya henga za plastiki za dukani. Henga moja gramu 50, kainunua kama senti 15, ukiipandisha ndege inalipiwa senti 50, yaani nauli mara tatu ya bei ya kitu chenyewe. Nikamwambia hiyo katoni isogeze pembeni, hatuijadili tena. Na midoli ya kuvalisha nguo vile vile.

Mzani siyo wa kweli kila mara

Hiki watu kinawashangaza wakifika kulipa. Ndege haina nafasi ya kuchezea, kwa hiyo kitu kikiwa chepesi lakini kinakula nafasi, hawaangalii mzani, wanaangalia ujazo. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 6000, jibu linalotoka ndiyo kilo zako, halafu wanachukua ile kubwa kati ya hiyo na ya mzani. Kampuni za vifurushi vya haraka, zile zinazoleta mpaka mlangoni, nyingi zinagawa kwa 5000 na hapo kilo zinazidi kuwa nyingi.

Viatu ndiyo mfano mzuri. Wifi alikuwa na katoni za raba, kila katoni pea 12, kila pea na boksi lake zuri. Vipimo 62 kwa 42 kwa 40. Mzani unasema kilo 11. Ukipiga ile hesabu unapata kilo 17 na pointi tatu hivi, kwa hiyo analipia zaidi ya kilo sita za hewa tupu iliyoko ndani ya maboksi, na hewa hiyo kwa dola 10 kwa kilo ni zaidi ya dola 60 kwa katoni moja. Tulichofanya, nilimwambia awaombe wale vijana wa ghalani watoe viatu kwenye maboksi, kila pea kwenye nailoni yake, karatasi zijazwe ndani ya kiatu kisipoteze shepu, wavipange kichwa na mkia, halafu yale maboksi yakunjwe bapa yaje na meli. Katoni tano zikawa tatu. Ila kiatu cha kike cha kuchuchumia usikifanyie hivyo bila kukifunga, kisigino cha kimoja kinachubua ngozi ya kingine na ukifika Dar umepata mtumba.

Meli nayo ina lake, mzigo wa kushea kontena wanaangalia ujazo lakini ukiwa mzito sana kuliko ujazo wake wanahamia kwenye tani, tani moja inahesabiwa kama CBM moja. Mtu wa spea, vitasa, misumari, vyuma vya gym, ulizia hilo mapema. Hata hivyo vitu vizito kwenye meli ndiko kwao. CBM moja ya spea yenye kilo 500 kwa ndege ni dola 5000, kwa meli kwa mfano wetu ni 400, hapo hakuna cha kujadili labda mashine ya mteja imesimama na analia anataka kifaa kimoja leo.

Siku wanazokuambia na siku za kweli

Ndege yenyewe Guangzhou mpaka Dar ni masaa tu, Air Tanzania wanaruka moja kwa moja, na nyingine zinapitia Addis Ababa, Nairobi, Doha au Dubai. Lakini mzigo wako hauruki siku uliyouacha ghalani. Unasubiri ajenti akusanye kilo za kutosha, unasubiri nafasi, unafika Dar unasubiri forodha. Mimi huwa nahesabu siku 7 mpaka 14 toka ghalani Guangzhou mpaka mkononi mwangu, na nikiambiwa siku 3 nasikia tu. Kumbuka mzigo mwingi unapanda tumboni mwa ndege za abiria, na humo mabegi ya abiria yanaingia kwanza, kwa hiyo ndege ikijaa watu wenye masanduku makubwa, katoni zako ndizo zinazobaki chini zisubiri ndege inayofuata. Miezi ya Novemba na Desemba hili linatokea sana. Ndege za kubeba mizigo peke yake zipo, Air Tanzania wenyewe walipokea Boeing 767-300F mwezi Juni 2023, lakini nafasi zinagombewa.

Meli toka bandari za kule, Nansha au Yantian, ikija moja kwa moja inaweza kukaa baharini wiki tatu hivi mpaka wiki nne. Nyingi zinashusha kontena Singapore au Port Klang au Colombo, zinasubiri meli nyingine ya kuja huku kwetu, na hapo kusubiri kunaweza kuwa siku tatu au wiki mbili. Weka na siku za kontena kujaa kama unashea, weka na meli kusubiri gati Dar, weka na kutoa mzigo bandarini, weka na kufungua kontena kwenye ghala la ajenti na kutafuta katoni zako kati ya katoni za watu 40. Mimi nahesabu siku 45 mpaka 60, na nikiwa na kitu cha msimu nahesabu 70 nilale usingizi.

Kuna watu wananiuliza mambo ya Bahari ya Shamu, kule meli zilikokuwa zinashambuliwa. Njia ya China kuja Dar au Mombasa haipiti huko, inakatiza Bahari ya Hindi, kwa hiyo mzigo wetu haukuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kama ile ya Ulaya tangu mwisho wa 2023. Ila bei ilitugusa, kwa sababu meli zikizunguka Afrika nzima zinachukua muda mrefu kurudi China, meli zinakuwa chache, kontena tupu zinakuwa chache, na sisi wote tunagombania zilizobaki.

Hela yako inazunguka mara ngapi

Hapa ndipo nataka watu watulie. Tuseme una mtaji mmoja tu, hauna wa pili wa kuendeshea duka wakati mzigo uko baharini. Kwa ndege toka kununua mpaka mzigo kufika siku 15, kuuza siku 15, jumla siku 30. Faida kwa sababu ya nauli kubwa umebakiwa na asilimia 12. Kwa meli toka kununua mpaka kufika siku 65, kuuza siku 15, jumla siku 80, faida asilimia 35. Chukua siku 240. Wa ndege amezungusha mara 8, wa meli mara 3. Kama kila mmoja anarudisha faida yote kwenye mzigo, wa ndege mtaji wake umekuwa mara 2.48 ya ule wa mwanzo, wa meli mara 2.46. Wamelingana kabisa! Yule aliyekuwa anamcheka mwenzie anachezea hela kwa ndege, na yule aliyekuwa anamcheka mwenzie anakaa miezi miwili bila mzigo, wote wako pale pale.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Duka linauza taratibu, badala ya siku 15 mzigo unaisha siku 60. Wa ndege sasa anazunguka kila siku 75, ndani ya siku 240 ni mara tatu na kidogo, kila mara asilimia 12. Wa meli anazunguka kila siku 125, ni karibu mara mbili, kila mara asilimia 35. Wa ndege kapata kama asilimia 40, wa meli yuko zaidi ya 75. Kwa hiyo ukilipia ndege halafu mzigo ukakaa kwenye shelfu miezi miwili, ile haraka uliyoinunua kwa dola 10 kwa kilo hukuitumia. Nilimuuliza wifi, hilo duka la Mwanza umeshawahi kuuza pale hata siku moja? Akasema bado. Basi hujui spidi yako, na kama hujui spidi yako usiweke mtaji wote kwenye ndege, tuma kidogo upime.

Vitu ambavyo ndege itavikataa

Wifi alikuwa na pawabenki 50. Pawabenki ikisafirishwa kama mzigo inahesabiwa ni betri ya lithiamu yenyewe, na betri za hivyo zilipigwa marufuku kusafirishwa kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016. Zinaruhusiwa ndege za mizigo tu, kwa masharti, moja wapo zisiwe na chaji zaidi ya asilimia 30. Betri ikiwa ndani ya kifaa, kama simu, ina kanuni zake na inapita kirahisi zaidi, lakini lazima itangazwe. Kuna maajenti watakuambia lete tu tutaichanganya na nguo. Usikubali. Moto wa betri ya lithiamu ukiwaka huko juu, humo kuna watu zaidi ya mia mbili, na sisi wenyewe tunapanda ndege hizo hizo kwenda na kurudi. Na hata ukiacha hilo, mashine ya uwanjani ikiiona, katoni zote zilizoandikwa jina lako zinashushwa zikakaguliwe, ikiwemo zile za magauni.

Marashi, rangi za kucha, dawa za kupuliza za makopo, hizo zinashika moto na zina utaratibu wake mrefu. Spika kubwa zina sumaku, nazo ulizia kabla. Vitu hivi kwa wafanyabiashara kama sisi vinaenda na meli, navyo vitangazwe vilivyo hata huko.

Kontena lina hali yake ya hewa

Watu wanaogopa meli kuzama. Mimi ninachoogopa ni unyevu. Mwaka 2019 nilileta mabegi ya kike, ile ngozi ya bandia laini, katoni nne, kontena la kushea. Nilipofungua katoni ya kwanza pale ghalani harufu ilinipiga kabla ya kuona kitu, ule uvundo wa chumba kilichofungwa masika. Mabegi ya juu yana madoa meupe kama unga, ukifuta kwa kitambaa linaacha alama. Ya chini yalikuwa yamegandana, ukivuta moja ngozi inabanduka inabaki kwenye lingine. Kontena mchana linachemka juani, usiku linapoa, maji yanajikusanya kwenye bati la juu yanadondoka kama mvua, na nilikuja kuambiwa katoni zangu zilipangwa juu kabisa karibu na bati, chini yake kuna vigae vya mtu toka Foshan. Ajenti alisema siyo jukumu lake. Nilipoteza zaidi ya nusu ya mzigo ule na nilikuwa nimeutegemea kwa ada za watoto.

Tangu hapo kitu chochote cha ngozi ya bandia, nguo nyeupe, wigi, vinaingia kwenye nailoni nzito ndani ya katoni, na vile vifuko vya punje za kukausha unyevu vinauzwa Guangzhou kwa bei ndogo sana, weka vya kutosha, siyo kimoja. Kitu cha thamani ambacho unyevu unakiua, na ni chepesi, hicho afadhali ndege. Kwenye ndege sijawahi kupata ukungu hata mara moja. Ndege shida yake ni nyingine, katoni ndogo ya vitu vya thamani inaweza kufunguliwa njiani, kwa hiyo usiandike nje kilichomo, funga kwa tepu yako yenye rangi, na piga picha kila katoni ikiwa juu ya mzani namba zionekane.

Na ukishea kontena unashea na matatizo ya wenzio. Mmoja akiwa kaficha kitu au kadanganya nyaraka, kontena zima linasimama, na wewe mwenye magauni yako halali unasubiri naye.

Bima watu hawakati kabisa na inaniuma. Wengi wanaamini ajenti au shirika litalipa. Kwa ndege, mkataba wa kimataifa wa Montreal unaweka kikomo cha fidia, tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo, SDR ni kipimo cha hela cha IMF, hiyo ni kama dola 35 hivi, isipokuwa kama ulitangaza thamani kubwa na ukalipia zaidi. Kwa gauni inatosha. Katoni ya simu ya kilo 25 yenye thamani ya dola 8000 ikipotea, kikomo ni SDR 650, haifiki hata dola 1000. Baharini nako kuna jambo ambalo wengi hawajawahi kulisikia, la kuchangia hasara ya pamoja. Meli ikipata dharura na kukawa na gharama za kuiokoa, wenye mizigo wote wanaweza kutakiwa kuchangia hata kama mzigo wako haujaguswa. Ile meli Ever Given iliyokwama Suez siku 6 mwezi Machi 2021, mwenye meli alitangaza hivyo, na wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kuchukua makontena yao. Mwenye bima, kampuni yake ya bima ndiyo inahangaika na hayo.

Forodha: kuna kitu ndege imependelewa

Hili nililijua nikiwa nimeshaagiza miaka mingi. Mzigo wa meli ushuru wa forodha unapigwa kwenye bei ya mzigo ukijumlisha na nauli ya meli na bima. Mzigo wa ndege, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inasema nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani hiyo. Mfano mzigo wa dola 2000, bima niiweke pembeni. Kwa meli nauli 300, ushuru unapigwa kwenye 2300, kama bidhaa yako iko kwenye asilimia 25 ni dola 575. Kwa ndege hata kama umelipa nauli 1500, ushuru unapigwa kwenye 2000, ni dola 500. Haifidii nauli yenyewe, lakini nayo iingize kwenye hesabu. VAT ya asilimia 18 ina hesabu yake, hapo naongelea ushuru wa forodha peke yake.

Ila haya yote yanakuhusu kama mzigo unatolewa kwa jina lako. Wengi tunalipa ile bei moja ya ajenti ambayo kila kitu kimo, ndege au meli, na mzigo unatoka kwa jina la ajenti. Ni rahisi na haina usumbufu kwa anayeanza. Lakini huna TANSAD, ile hati ya forodha ya kuingizia mzigo, yenye jina lako, na siku TRA, watu wa kodi, wakikuuliza huu mzigo ulioko dukani umeingiaje, au ukishasajiliwa VAT ukataka kudai ile uliyolipa forodhani, mkononi una risiti ya ajenti tu. Mtu ambaye biashara imeshakua nashauri ahamie kwenye nyaraka zake mwenyewe, invoisi, pakingi listi na BL (hati ya kuchukulia mzigo wa meli) zenye jina lake. Kwenye meli hakikisha mapema BL itaachiwa kwa njia ya mtandao au utapewa ile karatasi halisi, kwa sababu kontena likifika na karatasi bado iko China, gharama za storeji zinaanza kuhesabika na hakuna anayekuonea huruma.

Kalenda inaweza kukuamulia

Mwaka mpya wa Kichina unasimamisha kila kitu. Viwanda vinafungwa, mafundi wanaondoka hata wiki mbili kabla kwenda makwao, na wanarudi taratibu. Mwaka 2026 sikukuu iliangukia tarehe 17 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hizo hizo. Ina maana mtu wa nguo za Idi aliyetaka kutumia meli alitakiwa awe ameshafunga mzigo Desemba. Aliyeamka Januari mwishoni alibaki na ndege tu, na akagombea nafasi na kila mtu. Kuna na wiki ya kwanza ya Oktoba, nayo wanapumzika. Mabegi ya shule ya kufungua Januari nunua mwezi wa 9, yatumwe kwa meli, yafike Desemba mwanzoni, maana begi la shule ni kubwa, jepesi, faida ndogo, ukilipandisha ndege kwa ile hesabu ya ujazo limekufa hapo hapo.

Kuna njia ya katikati ambayo wachache wanaitumia, mzigo unatoka China kwa meli mpaka Dubai halafu unapanda ndege toka Dubai. Inapunguza nauli ukilinganisha na ndege tupu, inapunguza siku ukilinganisha na meli tupu. Inamfaa mwenye mtu wa kuaminika Dubai, kama huna mtu huko mizigo miwili ya usumbufu inakuwa yako.

Na ukishafikia kujaza kontena lako mwenyewe, mambo yanabadilika. Futi 20 lina kama CBM 33 lakini kwa katoni za kawaida unapakia 26 mpaka 28, futi 40 lile la kimo kirefu linaingia kama 68. Hauchangii na mtu, hausubiri kujaa, na ukishafika kama CBM 15 anza kuulizia bei ya kontena zima la futi 20 badala ya kushea, mara nyingine tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani.

Kwa wifi tuliishia hivi. Magauni 100 ya mtoko na viatu vilivyotolewa kwenye maboksi, katoni nne jumla, vimepanda ndege, ili duka lifunguliwe na kitu cha kuvutia watu na tuone Mwanza inanunua nini na kwa spidi gani. Mabegi ya shule, fulana, henga, midoli na yale maboksi ya viatu vimeenda kwa meli, na pawabenki zimeenda humo humo zikiwa zimetangazwa kwenye katoni yao peke yake. Kabla hajakata simu nilimwambia apige picha mzani wa kila katoni, akasema wifi kijana wa watu kashachoka, nikamwambia mwambie avumilie. Picha kumi na tano ziliingia kwenye simu yangu saa tano usiku, ya mwisho imeonyesha namba ya katoni lakini mzani haujasomeka, nimemwambia arudi kesho akaipige tena.